UZI: Bukini, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari tuliyemsahau

Mwana wa Juani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao kichwani miaka mingi na leo nimeamua kuushusha. Utakuwa mrefu, vuteni viti.

Mimi ni mtu wa Mafia, kisiwa cha Juani. Wanaopajua wanajua kwamba kwetu ndiko yaliko magofu ya Kua: misikiti iliyobaki kuta, makaburi, nyumba ya mfalme iliyomezwa na mizizi. Utotoni tulikuwa tunapita hapo tukitoka pwani, na bibi alikuwa na onyo moja tu: "Jua lisiwakute Kua, Wabuki watawabeba." Sisi tulidhani Mbuki ni aina ya zimwi. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba Mbuki ni mtu, ana nchi yake inayoitwa Bukini, na kwenye ramani ya darasani ilikuwa imening'inia mbele yetu kila siku kwa jina la Madagaska.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava wa Bukini walikuja na misafara ya mitumbwi wakaipiga Kua, wakaua na kuchukua mateka. Mji haukuinuka tena. Walikuwa wameshaisumbua Ngazija, Nzwani na visiwa vyote vya Komoro kwa miaka mingi, wakafika mpaka kisiwa cha Ibo huko Msumbiji na mwambao wa Kilwa. Kwa hiyo onyo la bibi lilikuwa kumbukumbu ya vita, imetembea midomoni kwa vizazi hadi ikafanana na hadithi ya kutishia watoto.

Nilifika huko ukubwani, nikiwa fundi mitambo kwenye meli ya mizigo. Tulitia nanga Mahajanga, bandari ya kaskazini magharibi, tukakwama siku 19 kusubiri kipuri. Siku hizo 19 ndizo zilizonifungua macho, na baadaye nimerudi mara mbili kwa nauli yangu mwenyewe.

Kwanza ukubwa. Watu wakisikia kisiwa wanafikiria Unguja. Bukini ina kilomita za mraba kama 587,000, yaani chukua Kenya yote uiweke baharini. Ni kisiwa cha nne kwa ukubwa duniani. Kutoka ncha ya kaskazini hadi kusini ni karibu kilomita 1,600. Na mlango wa bahari unaoitenga na Msumbiji, pale penye wembamba zaidi, ni kama kilomita 400, chini ya safari ya basi ya Dar hadi Dodoma.

Upepo ndio unaoigawa nchi. Unavuma kutoka mashariki, unagonga ukingo wa nyanda za juu na kumwaga mvua yote hapo. Kwa hiyo mashariki ni misitu minene yenye unyevu mwaka mzima. Ukipanda juu, Antananarivo na vijiji vyake, ni baridi, matuta ya mpunga kila bonde, nyumba za matofali mekundu. Ukishuka magharibi ni ukavu, mibuyu na mito mipana. Kusini kabisa ni nchi ya miiba, mimea ambayo huioni pengine popote, na huko njaa ya ukame ina jina lake kabisa, wanaiita kere.

Udongo ni mwekundu. Mto Betsiboka unaingia baharini pale Mahajanga ukiwa na rangi ya matofali yaliyosagwa. Niliteka maji ya mto kwenye ndoo, nikaiacha usiku kucha kwenye sitaha. Asubuhi chini kulikuwa na tope laini kama unga wa rangi, juu maji yamekuwa meupe. Hilo tope ni shamba la mtu huko juu, milima iliyokatwa miti ikachomwa. Nitarudi kwenye hili.

---

Komba wa Mnazini

Mkuu uzi mtamu, endelea. Gusia wanyama bwana. Ni kweli Madagaska hakuna simba wala tembo?

---

Mwana wa Juani

Ni kweli mkuu. Hakuna simba, chui, tembo, twiga, nyani wala tumbili. Hakuna nyoka wa kukuua kama koboko au kifutu. Na jina lako limenifurahisha, kwa sababu jibu lenyewe limo humo.

Kisiwa kile kilijitenga na Afrika miaka kama milioni 160 iliyopita, kikiwa bado kimeshikana na Bara Hindi. Kisha kikaachana na India pia, miaka milioni 88 hivi iliyopita, kikabaki peke yake. Wanyama wetu wakubwa walikuwa hawajatokea wakati huo. Waliofika baadaye walifika kwa bahati, na wataalamu wengi wanakubaliana kwamba wazee wa lemuri, wale wanyama wa mitini wa Bukini, walivuka juu ya matakataka ya miti iliyong'olewa na mafuriko. Ndugu zao wa karibu waliobaki upande huu ni komba wetu, yule anayelia usiku minazini na kunywa tembo la mgema. Mtazame komba macho yake makubwa na mikono yake, halafu fikiria familia hiyo imepewa kisiwa kizima bila nyani wa kushindana nao. Wakajigawa, wengine wa usiku, wengine wa mchana, wengine majani tu. Leo zipo aina zaidi ya 100. Mdogo kuliko wote ana uzito wa gramu 30 hivi, unamweka kwenye kijiko.

Mkubwa kuliko wote waliobaki ni indri, wenyewe wanamwita babakoto, baba yake Koto. Nilimsikia Andasibe, msitu ulio mashariki mwa Antananarivo. Tuliingia alfajiri, ukungu bado uko chini, majani yanadondosha maji. Mwongozaji akatuambia tusimame. Ukaanza mlio mmoja mrefu kutoka juu ya kilima, kama mtu anapuliza siwa, unapanda, unakatika, unashuka. Kabla haujaisha wa pili akaudaka, kisha familia nyingine ng'ambo ya bonde ikajibu. Mwili wote ulinisisimka. Ni mnyama mweusi na mweupe, mkia hana wa maana, anarukia kutoka shina hadi shina akiwa wima. Hafugiki. Kila walipojaribu kumweka kwenye bustani za wanyama alikufa. Akiisha msituni, ameisha.

Wapo na wengine. Ai-ai ana kidole cha kati chembamba kama kijiti. Anagonga shina la mti, anasikiliza palipo na uwazi, anatoboa kwa meno na kumvuta funza kwa kidole hicho. Kwa ufupi anafanya kazi ya kigogota. Mwindaji mkuu wao ni fosa, anafanana na paka mrefu lakini ni wa ukoo wa karibu na nguchiro. Vinyonga ndiyo usiseme, karibu nusu ya aina zote za vinyonga duniani wako huko. Mwaka 2021 kilitangazwa kimoja ambacho dume lake, ukimpima na mkia, halifiki sentimita mbili na nusu. Anakaa juu ya ncha ya kidole.

---

Binti wa Mutsamudu

Salaam kutoka Nzwani. Kaka, umeandika vizuri lakini mimi nina neno.

Kwetu Wabuki hatukuwajua kama wavamizi tu. Jirani yetu Maore (Mayotte) wapo watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kibushi, hicho ni Kimalagasi kabisa, na wanaswali pamoja na wengine. Mfalme Msakalava Andriantsoly alisilimu, akafukuzwa kwao na Wamerina, watu wa nyanda za juu, akakimbilia Maore, na mwaka 1841 ni yeye aliyewauzia Wafaransa kile kisiwa. Mpaka leo tunalipa deni la kalamu ile.

Na ukitaja Mahajanga, usitaje uzuri peke yake. Mji ule ulikuwa wa Wangazija na Wanzwani kwa kiasi kikubwa. Desemba 1976 kulizuka ugomvi wa majirani, ukageuka mauaji ya siku kadhaa, zaidi ya watu 1,000 wa kwetu waliuawa. Waliobaki wakarudishwa Komoro, wengi kwa ndege za Sabena, shirika la Ubelgiji, na mpaka leo wanaitwa Masabena. Shangazi yake mama yangu ni Sabena. Alishuka na mtoto mgongoni na sufuria moja. Akipika hadi leo anapika chakula cha Mahajanga, na akiota usingizini anaongea Kibuki.

---

Mwana wa Juani

Dada, pole, na asante kwa kulisema. Niliyasikia hayo Mahajanga kwa sauti ya chini, nikawa nasita kuyaandika kwa sababu si ya kwangu. Umeyasema wewe mwenye nayo.

---

Mjukuu wa Keya

Wazee na mimi nichangie. Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles (KAR), wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa akisema "tulipigana Diego" na sisi hatukujua Diego ni wapi. Ndiyo hiyo Diego Suarez, siku hizi Antsiranana, kaskazini mwa Bukini. Waingereza waliishambulia Mei 1942 kwa sababu Bukini ilikuwa chini ya Wafaransa wa Vichy, serikali iliyoshirikiana na Wajerumani, na waliogopa Wajapani wangeifanya kituo cha nyambizi. Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ililetwa, humo mlikuwa na KAR wa Kenya, Nyasaland (Malawi ya leo) na Tanganyika. Septemba waliteremshwa Mahajanga wakatembea kupanda nyanda za juu, Antananarivo ikaangukia mikononi mwao mwezi huohuo, na Novemba Wafaransa wakasalimu amri.

Babu alikumbuka madaraja yaliyovunjwa na miti iliyolazwa barabarani kwa maili na maili. Alisema walitumia mapanga kuliko bunduki. Alirudi na kofia ya ukindu na ugonjwa wa malaria ambao haukumwacha.

---

Mwana wa Juani

Mkuu, hii ni hazina, iandike kabla haijapotea. Miaka mitano baada ya babu yako kuondoka, Machi 29, 1947, Wamalagasi wenyewe waliinuka dhidi ya Wafaransa. Walikandamizwa vibaya sana, watu maelfu kwa makumi walikufa, wengi kwa njaa wakiwa wamejificha msituni. Uhuru ulikuja Juni 26, 1960.

Kabla ya Wafaransa ilikuwa nchi yenye dola. Andrianampoinimerina aliunganisha nyanda za juu mwishoni mwa karne ya 18, na alimwachia mwanawe Radama usia kwamba mpaka wa shamba lake la mpunga ni bahari. Radama aliuchukua kwa uzito, akateka sehemu kubwa ya kisiwa. Baada yake akatawala mkewe, Ranavalona wa Kwanza, kuanzia 1828 hadi 1861. Wazungu wamemchora kama mwendawazimu. Aliwatesa Wakristo na wengi walikufa kwa kulishwa sumu ya kiapo, hilo halifutiki. Lakini katika miaka yake 33 hakuna taifa la Ulaya lililomnyang'anya nchi. Malkia wa mwisho, Ranavalona wa Tatu, ndiye aliyepinduliwa na Wafaransa. Walimpeleka Réunion mwaka 1897, kisha Algiers, akafia huko 1917.

---

Fundi Maneno

Swali kwa mwenye uzi: hawa watu asili yao ni Asia au Afrika? Nimekutana na Mmalagasi mmoja chuoni, akaniambia kabisa "sisi si Waafrika."

---

Mwana wa Juani

Swali zuri, na ndipo nilipotaka kufika.

Lugha yao ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan, kinachosemwa Borneo, kando ya mto Barito. Yaani kuna watu walivuka Bahari ya Hindi nzima zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hiyo ni kweli na ni ajabu. Lakini ingia zizini kwa Mmalagasi umuulize majina. Ng'ombe ni omby. Kondoo ni ondry. Mbuzi ni osy. Kuku ni akoho. Mbwa ni amboa. Kanga, yule ndege, ni akanga. Punda ni ampondra. Karibu zizi zima limetoka upande wetu! Waliotoka Asia walikuja na mtumbwi na lugha, wakawakuta au wakawaleta Wabantu wenye mifugo, wakaoana. Nyuso zinasema hivyo na vipimo vya damu vimesema hivyo.

Siku za wiki je? Jumanne ni Talata. Jumatano Alarobia. Alhamisi Alakamisi, wanaandika Alakamisy. Ijumaa ni Zoma. Hizo walizipata kwa mabaharia Waislamu wa Kiarabu na wa mwambao wetu. Kaskazini magharibi palikuwa na mji unaoitwa Mahilaka, wenye ukuta na msikiti, enzi za ukubwa wa Kilwa. Vyombo vilivyochongwa kwa mawe laini ya Bukini vimefukuliwa Kilwa. Jahazi zilishuka na kaskazi, zikarudi na kusi. Bahari ileile iliyowafungia wanyama wao nje ya Afrika ndiyo iliyokuwa ikiwaleta watu kwetu na kuwapeleka watu wetu kwao.

Na hatuwezi kusema "watu wetu" tukaishia kwa wafanyabiashara. Magharibi mwa Bukini kuna jamii inayoitwa Makoa. Ni vizazi vya Wamakua na wengine waliovushwa kama watumwa kutoka pwani ya Msumbiji na kusini kwetu. Mwenzako wa chuo akisema yeye si Mwafrika, mwambie kwa upole kwamba kuna wananchi wenzake ambao mababu zao walifika wamefungwa kamba.

---

Komba wa Mnazini

Hapo kwenye kuku na kanga umenimaliza. Nina moja tena: wale kobe wakubwa wa Changuu, Zanzibar, wametoka Madagaska?

---

Mwana wa Juani

Hapana mkuu, wale asili yao ni Aldabra, Shelisheli. Bukini nayo ilikuwa na kobe wakubwa wa aina hiyo, wakaisha. Na si kobe tu. Palikuwa na viboko wadogo, palikuwa na lemuri mzito kama sokwe wa milimani. Palikuwa na ndege asiyeruka, mrefu wa mita tatu, yai lake moja linaingia maji lita nane na zaidi. Vipande vya maganda ya mayai yake bado vinaokotwa kwenye mchanga wa kusini, nimevishika, vinene kama vigae vya chungu. Wote hao waliisha ndani ya miaka elfu na kitu, baada ya watu kuongezeka na moto kuingia mashambani. Tusijidanganye kwamba ni zamani. Kilwa ilikuwa mji wakati ndege yule bado labda anatembea.

Na kazi inaendelea. Aprili 2018 Toliara, kusini magharibi, polisi walifungua nyumba moja wakakuta kobe kama 10,000. Ni wale wanaoitwa sokake, wenye miale ya njano mgongoni, walikuwa wanasubiri kusafirishwa nje. Baada ya serikali kuyumba mwaka 2009 magenge yaliingia hifadhi za kaskazini mashariki wakakata miti ya mbao nyekundu za thamani. Na sisi tumo: mwaka 2014 makontena ya magogo hayo yalikamatwa bandarini Mombasa. Mbao zinapita kwetu, halafu tunasema Bukini ni mbali.

Lakini mkulima anayechoma msitu apande mpunga wa mlimani, wanaita tavy, mimi siwezi kumtukana. Nimelala kwenye nyumba ya mmoja wao. Watoto watano, debe moja la mpunga, miezi mitatu kabla ya mavuno. Alinieleza anajua mvua imepungua tangu kilima kilipobaki kipara. "Najua," alisema, "lakini kilima hakiombi chakula usiku." Mazingira ya namna hiyo yanaokolewa na bei nzuri ya vanila na karafuu kumfikia yeye, si mabango ya kukataza. Wapemba mliomo humu mnalielewa hili la karafuu kuliko mimi.

---

Binti wa Mutsamudu

Kaka ulitaja siku 19 za Mahajanga zilizokufungua macho. Malizia basi.

---

Mwana wa Juani

Sawa dada.

Pale ufukweni, katikati ya barabara, kuna mbuyu. Mzingo wake ni zaidi ya mita 20, magari yanauzunguka. Ni mbuyu kama wetu, aina ileile ya bara. Bukini ina aina sita nyingine ambazo ni zake peke yake. Jioni watu wanakaa chini yake. Nikakaa. Mzee mmoja akanisalimia kwa Kiswahili cha mabaharia, maneno machache yaliyovunjika, akaniuliza mimi wa wapi. Nikamwambia Mafia. Hakuijua. Nikamwambia Kua. Hakuijua. Nikaokota kijiti nikamchorea mchangani, nikamwambia wazee wako walikuja hapa na mitumbwi, wakachukua watu wetu.

Alitazama mchoro muda mrefu. Akaniambia upande wa baba yake ni Wasakalava, ndiyo. Upande wa mama ni Makoa. Akaweka kidole kwenye mchanga, mahali nilipochora bara, akasema mama yake bibi aliambiwa tu kwamba walitoka "huko", hakuna aliyekumbuka kijiji.

Hatukujua la kusema. Palikuwa na mama anakaanga vitumbua vya wali na nazi kwenye kikaango chenye vishimo, kama vya kwetu, tui linanukia barabara nzima. Mzee akanyoosha mkono akaagiza vinne. Nikamuuliza hivi mnaviitaje. Akasema, "Mokary."

Nikamwambia sisi tunaviita vitumbua, ila neno hilo linafanana na letu, mkate. Akarudia mara mbili, mkate, mkate, akanipa viwili.